Mgongo wa Kifaa

Nikiingia duka la vifaa vya muziki, muuzaji hunionyesha uso wa kitu: taa zinazobadilika rangi, kioo kinachong'aa, vitufe vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Mimi hukipokea, nikamshukuru, kisha nikakigeuza. Pale mjini Kisumu, upande wa Oginga Odinga Street, wako vijana wa madukani waliokwisha kunizoea. Mmoja hupenda kunitania, "Madam, kwani unakitafutia alama ya kuzaliwa?" Namjibu kwamba ndiyo hasa ninayoitafuta.

Mgongoni ndiko kwenye habari. Kuna mlango wa betri au hakuna. Kuna skrubu, au vipande viwili vimegandishwa kwa gundi. Kuna matundu ya waya, na kuna ile karatasi ndogo yenye maandishi ambayo hata anayekiuza hajawahi kuisoma. Nimeishi na redio, kanda, vicheza muziki, wufa na runinga za kila aina, na vilivyonidumu ni vile ambavyo mgongo wake ulikubali kufunguliwa au kuunganishwa na kitu kingine.

Tuanze na wufa, maana ndizo zenye chumvi nyingi kuliko vyote. Katoni itaandikwa wati 10,000, na mbele ya wati hizo herufi PMPO. Herufi hizo zinadai kueleza nguvu ya juu kabisa ambayo spika ingeweza kutoa kwa kufumba na kufumbua, ila hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na watengenezaji wote, kwa hiyo kila mmoja hujiandikia anavyopenda. Igeuze sasa. Karibu na waya wa stima utakuta volti 240, hezi 50, wati 60. Hiyo 60 ndiyo ninayoiamini, kwa sababu ndiyo stima inayoingia, na hakuna kifaa kinachoweza kuendelea kutoa nguvu kuliko inayoingia. Wufa ya wati 10,000 za kweli ingevuta zaidi ya ampea 40, na soketi zetu za ukutani ni za ampea 13. Ungeiwasha mara moja tu.

Wala sizidharau wati 60. Kwetu Migosi tunapakana ukuta kwa ukuta na majirani, na wati 60 zinatosha kabisa kuanzisha ugomvi. Tofauti kubwa inatokana na mahali unapoliweka sanduku la besi. Likisukumwa kwenye kona, kuta mbili na sakafu huurudisha ule mvumo mzito na kuuongeza, na kila wimbo unakuwa ngurumo moja. Livute mbele, mbali na kona, na gitaa la besi linaanza kusikika kama gitaa. Kwa benga, muziki wetu wa magitaa, hilo ni jambo kubwa, maana utamu wenyewe uko katika besi inavyojibizana na solo, na ukipoteza besi umebaki na nusu ya mazungumzo.

Redio ndogo nazo nimezielewa kupitia kwa mama mkwe wangu, aliye Butere. Anayo moja ya bei ndogo, yenye tochi, tundu la flashi na tundu la memori kadi. Haina kioo. Nilipompelekea nilikwisha kuipindua dukani nikaona mlango wa betri, na ndani ya mlango betri ya BL-5C. Wenye umri wangu wanaijua. Ni betri ya Nokia, ya volti 3.7, ileile iliyokuwa kwenye Nokia 1100 iliyoenea kila kijiji. Mwaka 2007 Nokia ilitangaza kuwa betri milioni 46 za aina hiyo, zilizotengenezwa na Matsushita ya Japani, zingeweza kupata joto kupita kiasi zikiwa zinachajiwa, ikajitolea kuzibadilisha. Hata baada ya mkasa huo betri hii haikuondoka sokoni. Watengenezaji wa redio ndogo waliichukua kwa sababu inapatikana kila mahali, na leo imeishi kuliko simu zake. Ya mama ikichoka, mjukuu anatumwa kwa duka la simu pale stendi, anarudi na nyingine kabla chai haijapoa. Angalia tu isiwe imevimba. Iweke juu ya meza iliyonyooka uizungushe kwa kidole. Ikizunguka vizuri, tumbo limeshatoka, iache hapo hapo.

Na redio ile ikatufundisha lingine. Mama ni mtu wa tenzi, na hajui tenzi zake ziko katika faili gani wala hana haja ya kujua. Anazijua kwa idadi ya kubonyeza: bonyeza hivi upate wa asubuhi, hivi upate wa meza ya Bwana. Siku moja shemeji yangu akaichomoa kadi, akaongeza nyimbo mpya, akapanga zote upya kwenye kompyuta kwa alfabeti, akairudisha akiwa ameridhika. Mama alinipigia simu jioni hiyo. "Mwanangu," akasema, "huyu kijana amenivurugia kanisa."

Sababu ni kwamba redio nyingi za bei hiyo hazisomi majina ya faili. Zinafuata mpangilio ambao faili ziliandikwa ndani ya kadi, ya kwanza kunakiliwa ndiyo ya kwanza kuimba. Ukizimwaga zote kwa pamoja, kompyuta inaweza kuzipeleka kwa mpangilio wake yenyewe, na alfabeti uliyoiona kwenye skrini haihusiki kabisa. Dawa yake ni kufuta zote, kisha kunakili moja moja, kwa subira, kwa mfuatano anaoutaka mwenyewe. Kadi pia isizidi gigabaiti 32. Mpaka hapo kadi huja na mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32, ambao redio hizi zinaujua. Kubwa zaidi huja na exFAT, na redio itakaa kimya kana kwamba hujaweka kitu.

Nimetaja kadi, basi niseme la kadi za uongo, maana sijui nyumba ambayo haijaguswa. Kadi imechapwa gigabaiti 64, kompyuta nayo inakubali kuwa ni 64, lakini ndani kuna 8 tu. Aliyeitengeneza amekibadilisha kile kidubwasha kinachoongea na kompyuta ili kitaje idadi kubwa. Nyimbo za mwanzo zinaingia vizuri na kuimba. Ukipita kiwango cha kweli, faili zinazoendelea kuingia zinapotelea hewani au zinaandikwa juu ya zile za zamani. Majina yote utayaona yamejipanga; ukibonyeza, kimya. Hapa mgongo haunisaidii, kwa sababu kadi haina pa kufungua. Ninachofanya ni kuijaza pomoni siku ileile niliyoinunua, risiti ikiwa bado mfukoni, kisha nasikiliza vipande kutoka mwanzo, katikati na mwisho. Kuna programu za bure kama H2testw zinazofanya kazi hiyo ya kujaza na kusoma, ukipenda. Muuzaji akinuna kuhusu kurudishiwa kadi, huyo amejieleza.

Ndugu walioko ng'ambo nao walituletea iPod. Hicho kilikuwa kifaa kizuri kukishika, siwezi kukisema vibaya. Apple walikitoa Oktoba 2001 kikiwa na diski ya gigabaiti 5, wakisema mtu anabeba nyimbo 1,000 mfukoni, na wakakitangaza kuwa kimefika mwisho Mei 2022. Lakini mgongo wake! Bati linalong'aa, laini, bila skrubu hata moja. Mafundi wetu walikuwa wakiukabili kwa bisibisi bapa na kuuacha umejaa makovu. Kilikuwa pia na desturi ya kufungamana na maktaba ya kompyuta moja. Ukikipeleka kwa kompyuta ya jirani, kinauliza kama kifute kila kitu ndipo kipokee nyimbo mpya. Mtu ambaye kompyuta yake iko Minnesota, na yeye yuko Nyamasaria, ana nyimbo alizokuja nazo basi. Wakati huohuo vicheza muziki vya Kichina vya bei chee, vile vinavyotumia betri moja ndogo ya AAA, vilikuwa vikijazwa nyimbo katika saiba yoyote mjini. Sauti yake ilikuwa ya wastani, tena maandishi ya kioo yalikosewa tahajia. Nilikuwa na kimoja ambacho menyu yake iliandika "Misic" maisha yake yote, nikakipenda hivyo hivyo.

Faili nayo ina mgongo wake. MP3 ilitengenezwa Ujerumani, katika taasisi ya Fraunhofer, na hataza zake zilimalizika mwaka 2017, kwa hiyo leo mtu yeyote anaweza kutengeneza kifaa cha kuicheza bila kumlipa mtu. Faili niliyoihifadhi miaka hiyo inafunguka kwenye simu, kwenye redio ya mama, kwenye matatu, kwenye runinga. Nyimbo ulizopakua ndani ya programu ya kulipia kila mwezi ni habari nyingine. Ziko kwenye simu yako, zinakula nafasi ya simu yako, na ukiacha kulipa hazikujui.

Binti yangu hulipia, nami simkatazi. Nilimpigia hesabu tu. Wimbo unaotiririka kwa kilobiti 160 kwa sekunde unakula megabaiti 72 kwa saa. Nyumba inayosikiliza muziki saa nne kwa siku inamaliza karibu megabaiti 290, na hiyo ni sauti pekee. Wengi hawasikilizi sauti pekee; wanafungua video, wanaiweka simu kifudifudi mezani na kuosha vyombo, huku bando likilipia picha ambazo hakuna anayezitazama. Kama unajua unataka kusikia albamu ileile kila Jumamosi ukifua nguo, hiyo ni nyimbo ya kununua mara moja ukaiweka kwenye kadi.

Sasa nifike kwenye kanda, ambako ndiko nimemaliza jioni zangu nyingi.

Baba alifanya kazi Nakuru, na alipostaafu alirudi nyumbani na sanduku la kanda. Nyingi ni benga. Nyingine alizinasa mwenyewe redioni, enzi za Sauti ya Kenya, kabla redio ya taifa haijawa KBC mwaka 1989, na ndani yake kuna watangazaji, salamu za watu wa Ahero na Siaya, hata tangazo la sabuni lililoingia katikati. Nilianza kuzihamishia kwenye kompyuta kwa sababu mashine yake ya kanda ilikuwa imebaki moja na mikanda yake ya mpira imelegea.

Kanda nzuri ukiigeuza utaona skrubu tano ndogo. Hiyo ni kanda inayotibika. Ugonjwa wake wa kawaida ni kile kipande cha sponji kilichobandikwa kwenye bati jembamba, kazi yake kuusukuma utepe uguse kichwa cha kusomea. Gundi ikikauka, sponji inaanguka, na sauti inafifia. Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea. Hapo unanunua kanda yoyote isiyo na maana yenye ganda zima, unafungua zote mbili, unahamisha magurudumu mawili na utepe wake. Polepole, madirisha yakiwa yamefungwa, kwa sababu upepo wa ziwani ukikukuta na utepe mezani utajuta. Kanda zilizogandishwa kwa gundi inabidi uzipasue kwa wembe kwenye maungio, na si zote zinazonusurika. Zile za dakika 120 nilizihofia zaidi ya zote. Ili dakika zote hizo ziingie, utepe wake ulifanywa mwembamba mno, unanyooka na kujikunja kwa sababu ndogo sana. Zile za 60 zimevumilia hadi leo.

Kisha kuna skrubu nyingine, ndani ya mashine, kando ya kichwa. Inakiinamisha kichwa kidogo sana kushoto au kulia. Kila mashine iliyorekodi ilikuwa na mwinamo wake, kwa hiyo kanda iliyonaswa kwa redio ya jirani haisomeki sawasawa kwa yako. Inasikika kama mwimbaji amefunikwa blanketi. Safisha kichwa kwa spiriti na pamba, weka kanda, sikiliza matoazi au kile kisupa wanachogonga kwenye benga, na uzungushe skrubu nywele kwa nywele mpaka mlio ule uchomoze. Kanda inayofuata, unaanza upya. Fundi mmoja wa Kondele aliniambia hiyo ni kazi bure, watu hawasikii tofauti. Nilimsikilizisha kabla na baada ya kuirekebisha, akaomba bisibisi ajaribu mwenyewe.

Narekodi kwanza kwa mfumo usiobanwa, hezi 44,100 na biti 16, sawa na CD. Dakika moja inakula kama megabaiti 10, kanda ya dakika 90 karibu 950. Natumia Audacity, ambayo ni ya bure. Kipimo cha sauti nakiacha chini ya alama nyekundu, maana sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haishoneki tena. MP3 natengeneza mwishoni, za kugawia ndugu, na ile nakala kubwa nabaki nayo.

Programu hiyo ina kitufe cha kuondoa ule mchirizo wa kanda, yaani mlio wa "ssss" ulio nyuma ya muziki, na hapo nina msimamo wangu. Mchirizo unakaa katika sauti za juu, palepale panapokaa mng'ao wa gitaa la solo. Ukiuondoa wote, gitaa linaondoka nao na kinachobaki ni kitu cha majimaji, kama mtu anayepiga gitaa chini ya ziwa. Mimi nauacha. Masikio yanauzoea upesi sana.

Dada yangu na mimi tulivutana kuhusu jambo lingine. Benga nyingi za wakati ule zilitoka kwenye santuri za mizunguko 45 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri hiyo hauchukui wimbo mrefu. Basi wimbo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Maneno mengi yako mwanzoni. Ukigeuza santuri ndipo waimbaji wanapunguza na magitaa yanaachiwa uwanja. D.O. Misiani, mwanamuziki wa benga mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania aliyefariki mwaka 2006, ana nyimbo nyingi za mtindo huo. Santuri za benga zilisafiri mbali. Zile za mtayarishaji Oluoch Kanindo zilipendwa Zimbabwe mpaka muziki wenyewe huko ukaitwa kanindo. Dada alitaka niunganishe sehemu hizo mbili ziwe wimbo mmoja usiokatika. Nilikataa, kwa sababu muziki umetengenezwa ukijua kuna kugeuza. Gitaa la sehemu ya pili linaingia kama mgeni anayepiga hodi upya. Tukaishia kutengeneza nakala mbili, yake na yangu.

Majina ndiyo yaliyotuchelewesha. Kompyuta inaita kila kitu "wimbo 01". Baba alikaa nami akitambua kwa sekunde chache za mwanzo, kabla hata mtu hajaimba. "Huyo ni George Ramogi, si Misiani. Sikia kidole." Mimi sikukisikia kidole, niliandika tu.

Kwenye runinga nitapita haraka. Mwaka 2015, mitambo ya analogi ilipozimwa nchini, watu wengi waliwahi kununua runinga mpya wakidhani zile za kichogo zimekufa. Yetu ilikuwa na matundu matatu nyuma, jekundu, jeupe na la njano, tukachomeka king'amuzi, ikaendelea kufanya kazi. Runinga janja za leo naziona zina kasoro ileile ya iPod, ila safari hii mgongo uliofungwa ni wa programu: paneli bado ni nzima, lakini baada ya miaka michache programu za ndani hazipati toleo jipya na zinaacha kufunguka. Ndiyo maana nahesabu matundu ya HDMI, yale ya kuchomeka vifaa vya nje, kabla ya kutazama picha. Kisanduku kidogo cha nje kinabadilishwa kwa pesa kidogo. Runinga nzima, hapana. Na kwa walio huku kwetu ambako radi haina msimu, kuchomoa waya wa stima peke yake hakutoshi. Waya wa antena nao uchomoe, maana unatoka juu ya paa moja kwa moja mpaka ndani ya king'amuzi.

Binti yangu ameninunia hivi karibuni kwa ajili ya spika za masikioni zisizo na waya. Alizinunua kwa pesa zake. Nilizigeuza, bila shaka, na hazina hata pa kuingiza ukucha. Kila moja ina betri yake ndogo ndani, na nyingine kwenye kikasha, na hakuna fundi Kisumu nzima niliyemwona akizibadilisha. Nilimwonyesha hilo. Akaniambia anazipenda kwa sababu akipika waya haunasi kwenye mpini wa sufuria, na kwamba mimi nanunua vitu kana kwamba kila kimoja nitakirithisha. Ya kushoto imeanza kuzima mapema kuliko ya kulia. Ameamua kusikiliza kwa ile moja, na anasema kwa kupika inatosha.